Tupeane uzoefu: tuwakumbuke wasusi wa mikeka kwa kazi ya mikono yao

UkiliMwembamba:
Msusi wa mkeka akifariki, jina lake haliandikwi kwenye mkeka, ila mkono wake unabaki humo. Ugeuze upande wa chini: utaona alivyounga chane (vipande vyembamba vya jani vinavyosukwa), alivyokaza, alivyomalizia pindo. Wenye ujuzi waliourithi kwa hao mama zetu, uwekeni hapa. Naomba hatua na vipimo, sifa peke yake hazisuki.

MwenyeMkindu:
Basi tuanzie porini. Kuti la mkindu, mti wa jamii ya mtende, hukatwa likiwa changa, bado limejifunga. Likishachanua huwa gumu na la kijani, halikubali rangi vizuri. Msusi makini hukata kuti moja kwa shina, akaruka mengine, wala kisu chake hakifiki kwenye moyo. Moyo ukikatwa, shina lile limekufa. Tahadhari na miiba iliyo chini ya kuti. Anika juani siku kadhaa hadi ukindu, yaani majani hayo, upauke, na jioni uingize ndani, kwani ukilala nje na umande hufanya kuvu na madoa.

Magome:
Kuhusu rangi: manjano (ile bizari) hupendeza mwanzoni, ila jua huyafuta upesi, yafaa kwa mkeka wa chumbani. Gome la mkoko hutoa wekundu wa udongo unaokaa. Chemsha gome kwanza hadi maji yaive, ndipo utie ukindu, usiujaze sufuria. Uliobanana hutoka na mabaka. Chane zote za mkeka mmoja zitiwe rangi mara moja. Mkupuo wa pili haulingani kamwe na wa kwanza.

Taraza:
Penye kuwashinda wengi ni maji. Chane kavu hukatika kwenye mkunjo. Iliyolowa chepechepe huvimba, unasuka ukidhani umekaza, kisha ikikauka inasinyaa na ukili, yaani utepe uliosukwa, unaachia matundu. Nyunyiza, funga kwa kitambaa kibichi, subiri hadi chane izunguke kidole bila kulia. Toa chache chache tu.

Upana nao ulingane. Chane moja ikiwa pana, au mkono mmoja ukivuta kuliko mwingine, ukili hupinda kama mundu, na wa hivyo haushoneki ukalala. Kuunga: laza chane mpya juu ya inayokwisha, zipite pamoja mara tatu au nne. Usiunge mbili mahali pamoja. Vimkia vyote vitokee upande wa chini, vikatwe ukili ukishakauka, si kabla.

UkiliMwembamba:
Shukrani sana, Taraza. Na mkeka mzima unakula ukili kiasi gani?

PimaKwaPima:
Chukua ukili wa upana wa sentimita 7.5. Mkeka wa sentimita 120 kwa 180 unataka vipande 16 vya sentimita 180, yaani mita 28.8, karibu pima 16 (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa). Suka pima 18, kwa sababu ncha hufumuka na hupunguzwa. Shona ukingo kwa ukingo kwa uzi wa ukindu uliosokotwa, sindano ipite kwenye mikunjo ya pembeni ya kila ukili. Ukiuvuta mno, mkeka unafanya mawimbi; ukiulegeza, vidole vya miguu vinaingia katikati.

Taraza:
Pindo lije mwisho: kunja ncha kuelekea chini upana wa kidole kimoja, shona, kisha uzungushie ukili mwembamba.