Bakshishi ya mchukuzi wa maji: nitoe au nisitoe?

Wenzangu, naomba ushauri. Nakaa Kibokoni, Mombasa, ghorofa ya tatu, na mifereji ikikauka hununua maji ya mkokoteni. Kijana hupandisha mitungi kumi ya lita 20, mmoja mmoja, jasho lamtiririka ngazini. Bei huwa tumeshapatana, lakini akimaliza husimama mlangoni akijipangusa shingo, hasemi neno. Nikimpa hamsini ya soda, mume wangu hunung'unika kuwa namzoesha vibaya. Nisipompa, roho yanisuta hadi usiku. Msusi na dereva wa tuktuk siwapi kitu, hao bei yao yatosha na kubaki! Jee, nyinyi huwapa kila safari, au mwangoja Idi? Na hiyo hamsini, isije ikawa namdharau?