Mjadala: Ubingwa wa Tampa Bay 2021, ujanja au wizi?

Wakuu, hili ninalo moyoni tangu Julai 2021. Nilikuwa Montreal, nimesimama barabarani nje ya uwanja wa Bell Centre na umati wa watu, maana ndani waliruhusiwa 3,500 tu kwa ajili ya korona. Canadiens, timu ya hoki ya barafuni ya Montreal, walikuwa fainali ya Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi ya NHL, kwa mara ya kwanza tangu 1993. Tukapigwa na Tampa Bay mechi nne kwa moja. Ya mwisho, Julai 7 kule Tampa, bao lilikuwa moja tu, la Ross Colton.

Kwa asiyefuatilia hoki ya barafuni: ligi ya NHL ina kikomo cha mishahara. Msimu ule kilikuwa dola milioni 81.5 kwa timu. Nikita Kucherov, winga wa Tampa Bay Lightning, peke yake alihesabiwa milioni 9.5. Desemba 2020 akapasuliwa nyonga, akawekwa kwenye orodha ya majeruhi wa muda mrefu, na timu ikaruhusiwa kuvuka kikomo ili kuziba pengo lake. Mechi zote 56 za msimu hakugusa barafu. Lakini kikomo kiliishia hapo, kwenye mtoano hakuna aliyehesabu. Mechi ya kwanza ya mtoano, dhidi ya Florida Panthers, jamaa huyo kaingia, buheri wa afya. Mabao mawili na pasi ya bao, Tampa wakashinda 5-4.

Carolina Hurricanes walipotolewa, beki wao Dougie Hamilton alilalamika kwamba wametolewa na timu iliyozidi kikomo kwa milioni 18. Siku ya kushangilia kombe, Kucherov akatokea na fulana imeandikwa hivyo hivyo, milioni 18 juu ya kikomo. Mimi fulana ile ndiyo iliniuma kuliko kipigo.

Msimamo wangu ni kwamba kombe ni lao. Kanuni ilikuwa ya timu zote, na ligi haikuwaadhibu. Isitoshe, aliyetuua sisi ni kipa, Andrei Vasilevskiy. Naye alikuwa wa milioni 9.5, na zake zilihesabiwa msimu mzima. Raundi zote nne, mechi ya kumtoa mpinzani hakuruhusu hata bao moja. Semeni.

Mchangiaji wa 2:
Mkuu, umeibiwa halafu unamtetea mwizi. Kucherov alimaliza mtoano na pointi 32 (mabao na pasi za mabao kwa pamoja) katika mechi 23, hakuna aliyemfikia. Ziondoe hizo, halafu uniambie kama wangefika hata kukutana na Montreal. Na hiyo nyonga ilijuaje tarehe? Ipone siku kikomo kinapoondoka, si kabla wala baada!

Mchangiaji wa 3:
Mnawaonea Tampa. 2015 Patrick Kane wa Chicago Blackhawks alivunjika mtulinga mwezi Februari, akarudi mechi ya kwanza ya mtoano, wakabeba kombe. Fainali walimfunga nani? Tampa hao hao! Hawa walisomeshwa kwa bakora. Na 2023 Mark Stone wa Vegas alipasuliwa mgongo Januari, akarudi mtoano ulipoanza, akafunga matatu kwenye mechi ya ubingwa, 9-3.

Mchangiaji wa 2:
Kwa hiyo wezi wakiwa watatu si wizi tena? Ligi yenyewe imeshafunga tundu. Kuanzia msimu wa 2025-26, kikosi kinachovaa kucheza mechi ya mtoano lazima kitoshe ndani ya kikomo. Kama hapakuwa na shida, walibadilisha nini?

Mleta mada:
Walibadilisha kwa walio mbele, makombe ya nyuma hawakuyagusa. Ila la nyonga sina jibu, nakubali. Upasuaji wa Desemba kweli unaweza kuchukua miezi mitano, lakini kama angekuwa fiti wiki mbili kabla, nani pale Tampa angekuwa na haraka ya kumruhusu?

Na suala la fulana mbona wote mnaliruka?