Wauza miche, acheni kutuuzia lantana kama maua!

Wakuu, leo naandika nikiwa na hasira.

Miaka minne iliyopita nilisimama kwenye kitalu kimoja cha barabarani huku Muheza, natafuta maua ya uzio. Nikaonyeshwa lantana, vishada vya njano vinavyogeuka chungwa na waridi. Nikaambiwa haitaki maji na ng'ombe hawaigusi. Nikanunua miche 30. Hakuna aliyeniambia hawaigusi kwa sababu ni sumu!

Kiangazi kilichopita majani yote yalikauka, ikabaki yenyewe tu kijani. Mtamba wangu akaila. Akaacha kula, choo kikafunga, macho yakawa njano, ngozi ya pua ikababuka kila akisimama juani. Daktari wa mifugo akasema ini limeharibika. Akafa, na mimba yake ya miezi saba.

Halafu haikai kwenye uzio. Ndege wanakula vile vitunda vyeusi, wanakwenda kunya mbegu kwenye mihogo ya jirani na kando ya mto. Jirani ananilaumu, na ana haki. Nimefyeka mara tatu, kisiki kinachipua kwa nguvu kuliko mwanzo. Kuchoma moto ni kazi bure, mvua ikinyesha imerudi. Kinachosaidia ni jembe: ng'oa na mizizi kabla haijazaa, kisha rudi kila msimu ung'oe vichipukizi. Nani ana nguvu hizo kwa ekari mbili?

Kuna watakaosema "mbona ipo tangu tukiwa watoto". Ndiyo, ipo, lakini asili yake ni Amerika ya kitropiki, ililetwa na kusambazwa kwa ajili ya bustani. Imo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi. Afrika Kusini kuiuza ni marufuku. Waulizeni wafugaji wa Laikipia, Kenya, kuhusu mpungate (ile kaktasi ya miiba), nao ulipandwa kama pambo na uzio. Sasa miiba yake inaumiza midomo ya mifugo yao.

Muuza miche anaijua vizuri kuliko mteja. Kunyamaza ili auze ni kuniibia.

Jumamosi nilipita tena pale. Miche ipo, kwenye viriba, mstari wa mbele kabisa. Nikamweleza habari ya mtamba. Akaniuliza nataka mingapi.

Waliofaulu kuimaliza shambani, mlifanyaje?