Naomba ushauri: interapti zinachelewa kerneli ya Linux inapoachia kumbukumbu

Wakuu, naombeni msaada. Programu ikiachia GB 1 kwa munmap, wito wa kurudisha kumbukumbu kwa kerneli (kurasa 262,144 za KB 4), kifuatiliaji irqsoff kinaonyesha interapti (ishara za kuikatiza CPU ishughulikie jambo la haraka) zimezimwa muda mrefu zaidi ndani ya kitendakazi cha kerneli free_pcppages_bulk. Sababu inajulikana: kurasa zinazozidi kwenye orodha ya kila CPU hurudishwa kwa mafungu, kufuli ya zoni (inayoruhusu CPU moja tu kwa wakati kugusa kurasa huru za eneo hilo la kumbukumbu) ikiwa imeshikwa. Fungu likikua, interapti zinasubiri zaidi. Nikilipunguza, kufuli inagombaniwa mara nyingi na CPU nyingine zinazunguka bure zikiisubiri.

Je, nigawe fungu kwa kurasa 32, niachie kufuli na kuruhusu interapti katikati? Au nitoe kwanza nje ya kufuli kazi ya kukagua kurasa? PREEMPT_RT (hali ya kerneli inayotanguliza kuitikia kwa wakati) siitaki, hapa kasi ya jumla inahitajika pia.