Maikrofoni nane zisizo na waya zinavurugana kanisani: nianzie wapi?

Mhudumu wa Sauti, Kayole

Habari zenu, ndugu. Ninahudumu kwenye mitambo ya sauti ya kanisa letu hapa Kayole, na kwa miaka mitatu tumetumia maikrofoni nne zisizo na waya, zilizopangwa na muuzaji, bila shida yoyote. Mwezi uliopita tuliongeza nne nyingine za aina ileile kwa ajili ya kwaya, nami nikazipangia zote upya masafa, yaani namba ya mawimbi ya redio ambayo kila moja hurushia sauti: ya kwanza megahezi 518.5, ya pili 519.5, ya tatu 520.5, hivyo hivyo hadi 525.5, nikiamini kwamba nafasi ya megahezi nzima baina ya moja na jirani yake ingetosha. Kila moja ikiwashwa peke yake hutoa sauti safi. Zikiwashwa zote, tunasikia mikwaruzo na miluzi, na sauti ya mwimbaji hukatika katikati ya ubeti. Jumamosi, wakati wa mazoezi, nilitoa betri kwenye maikrofoni ya tatu, lakini taa za risiva yake (kifaa kinachopokea mawimbi yake) ziliendelea kuwaka kana kwamba kuna mtu anayeitumia. Muuzaji anatushauri tununue risiva za bei ya juu zaidi. Naomba ushauri wenu kabla sijalipeleka jambo hili kwa wazee wa kanisa.

Fundi Mitambo, Kasarani

Ndugu, taa hizo zimekwisha kukujibu, kwa hiyo usitoe shilingi yoyote kwanza. Maikrofoni mbili zinapokaribiana, mawimbi ya moja huingia katika saketi ya kurushia mawimbi ya mwenzake, na humo huzaliwa mawimbi mapya ambayo hakuna aliyeyapanga. Yanayosumbua zaidi hupatikana kwa kuzidisha masafa ya moja mara mbili, kisha kutoa masafa ya nyingine. Zidisha 519.5 mara mbili, utoe 518.5: utapata 520.5, yaani palepale ulipoiweka ya tatu. Risiva haina njia ya kujua kwamba mawimbi hayo hayatoki kwa maikrofoni yake.

Nafasi zinazolingana ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu karibu kila jozi huangukia mahali pa nyingine. Tena usidhani kwamba shida ya nane ni mara mbili ya shida ya nne. Maikrofoni mbili huzaa mawimbi 2 ya aina hiyo, lakini nane huzaa 56, na ukihesabu yale yanayotokana na tatu tatu kwa pamoja, unaongeza mengine 168. Ndiyo maana masafa ya nane hupangwa yote kwa pamoja kama seti moja, wala hayaongezwi moja moja kama viti ukumbini.

Fungua kijitabu cha mitambo yako uangalie makundi ya masafa yaliyokwisha kukokotolewa na kiwanda. Chagua kundi moja lenye masafa manane na uyatumie hayo tu, bila kuchanganya na ya kundi jingine. Utaona nafasi baina ya masafa hayo hazilingani, na hilo limefanywa kwa makusudi.

Dada wa Ukumbini, Upper Hill

Nakubaliana na kaka, ila kundi zuri kwenye karatasi linaweza kuangukia juu ya stesheni ya televisheni. Tangu Kenya ilipohamia matangazo ya dijitali mwaka 2015, kila chaneli ya televisheni hujaza upana wa megahezi 8 kikamilifu, na Nairobi zinazorushwa ni nyingi. Masafa yako yote nane yamo ndani ya chaneli moja tu, ile ya 518 hadi 526. Hata pasipokuwa na stesheni hapo, ni kubanana mno. Vilevile jihadhari na mitambo ya zamani inayouzwa rahisi mjini ikiwa inafanya kazi juu ya megahezi 694, kwa maana masafa hayo yalipewa simu za mkononi.

Zima maikrofoni zote, kisha uiambie risiva itafute nafasi tupu ukiwa hapo hapo kanisani, saa ileile ya ibada. Ukishaipanga ya kwanza, iache imewashwa unapotafuta nafasi ya pili, na uendelee hivyo hadi ya nane.

Mhudumu wa Sauti, Kayole

Nimerudi kwa shukrani kubwa. Nilitumia kundi la kiwanda na kufuata utaratibu wa dada, na sasa taa za risiva ya tatu huzimika mara tu ninapoizima maikrofoni yake. Limebaki jambo moja: wanakwaya wakimaliza kuimba huziweka maikrofoni kwenye kikapu kimoja kando ya kinanda, zikiwa bado zimewashwa, na hapo miluzi hurudi hata kwenye maikrofoni ya mhubiri.

Fundi Mitambo, Kasarani

Kikapu hicho kiondoe leo. Mawimbi niliyoyaeleza hupata nguvu kadiri maikrofoni zinavyokaribiana, na ndani ya kikapu zimegusana. Tafuta ubao wenye mashimo yaliyoachana angalau nusu mita, au mzoeze kila mwimbaji kuizima yake kabla ya kuiweka chini. Kama mitambo yako inaruhusu kuchagua nguvu ya kurusha, shusha kutoka miliwati 50 hadi 10. Kwa kanisa la ukubwa wa kawaida inatosha, na mawimbi haya mabaya hupungua kwa kasi kuliko yale mazuri.

Antena pia zitoe nyuma ya kabati la chuma, uziinue juu ya vichwa vya waumini, kwa kuwa mwili wa mtu humeza sehemu kubwa ya mawimbi. Usizipeleke mbali kwa waya mwembamba: mita kumi na tano za waya huo hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu kabla haijafika kwenye risiva. Kisha bandika utepe kwenye kila maikrofoni ukiwa umeandikwa masafa yake, ili atakayeshika zamu yako asizipange upya kwa kukisia.

Mhudumu wa Sauti, Kayole

Utepe nimeshabandika. Ubao seremala ataumaliza kabla ya mazoezi ya Jumamosi.