Mavazi ya kuendesha baiskeli wakati wa baridi

Swali: Ndugu zangu, asubuhi yenye nyuzijoto 8 huanza safari nikitetemeka, lakini baada ya dakika 20 fulana yangu ya pamba huwa imelowa jasho. Nivae nini?

Jibu la kwanza: Tatizo ni hiyo pamba, kwa kuwa hushika maji na kuupoza mwili. Vaa fulana nyembamba ya sufu au poliesta inayogusa ngozi, kisha koti jepesi la kuzuia upepo lenye zipu, ambayo utaifungua unapopanda mlima na kuifunga kabla ya kuteremka.

Jibu la pili: Nakubaliana naye, ila usisahau glavu, maana vidole vilivyokufa ganzi hukawia kubana breki.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Na magoti?

Jibu la pili: Mimi huyafunika nyuzijoto zikishuka chini ya 15.