MREJESHO: Paka wetu kafika Ujerumani

Wakuu, niliuliza hapa namna ya kumhamisha paka wetu kutoka Dar kwenda Ujerumani. Kafika juzi, ahsanteni sana.

Aliyesisitiza chipu (kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi) itangulie chanjo ya kichaa cha mbwa alikuwa sahihi. Wetu alichanjwa kwanza, tukaanza upya: chipu, chanjo, siku 30, damu kupimwa kinga ya kichaa cha mbwa kwenye maabara inayotambuliwa na Umoja wa Ulaya, kisha miezi 3 tangu damu itolewe. Tukaondoka bila yeye. Akabaki kwa mama mkwe akinenepa kwa dagaa, hadi mke wangu alipomfuata.

Kumzoesha kula chakula ndani ya kizimba cha safari kumesaidia mno. Kumnyima maji usiku kabla ya safari, hapana, kajikojolea vilevile. Sasa kajificha chini ya kochi, mdogo wetu kalala sakafuni anambembeleza.